Wimbo Niliomnyima Barasa

Nyinyi wa kwaya ya vijana mlinijia Jumapili iliyopita baada ya misa, watu saba, mkanizunguka kwenye benchi langu pale nje. Mkasema mmesikia kwenye simu zenu zile nyimbo za Kilatini za kuzikia wafu, na mnataka niwafundishe. Yule binti yenu anayepiga kinanda akasema, "Mzee, hizo za Latin ziko na uzito. Hizi zetu watu wamezoea, hata hawalii tena." Nikacheka mpaka nikakohoa, nikawaambia nitafikiria. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha.

Nimeshafikiria. Nitawafundisha. Lakini kuna jambo lazima mlijue kwanza, na nimeona niliandike, kwa sababu nikisimama mbele yenu mkinitazama nitaanza kuwachekesha, kama ilivyo desturi yangu, na mtakwenda zenu mkidhani mmesimuliwa kisa kizuri. Si kizuri. Ninaona aibu nacho mpaka leo, kwa umri huu nilio nao.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwimbishaji wa misa za wafu katika misheni moja hapa Nakuru, na katekista msaidizi. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nami nilikulia katika nyumba za reli, nikasoma shule ya misheni, nikaonekana nina sauti. Aliyenichukua ni Mwalimu Yakobo, katekista mkuu, mzee mfupi mwenye sauti nene kuliko kifua chake. Nyimbo zote za wafu alikuwa amezipokea kwa padre mmoja wa zamani, kwa sikio, akazishika kichwani bila kukosea hata moja. Kitabu kikubwa chenye nota za mraba alikifungua kwa heshima tu. Siku moja nilimkuta amekishika juu chini na anaimba bila wasiwasi.

"Anza chini," aliniambia siku ya kwanza. "Njia ya makaburini inapanda. Ukianza juu utafika huna sauti, na maiti ataingia ardhini kimya kimya." Hilo ni kweli hata leo, na nyinyi mnaanza juu mno. La pili, tembea kwa hatua ya yule mbebaji jeneza aliye mfupi kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayeumia. La tatu, usimtazame mjane. Ukimtazama koo linafunga.

Tulikuwa na mtu mmoja, Petro, aliyechimba ule udongo mweupe kule Kariandusi. Sauti yake ilikuwa tamu, lakini kila akikohoa ulidhani atatoa unga. Yakobo alimweka nyuma yangu na kutupangia pumzi: Petro avute wakati mimi niko katikati ya neno, nami nivute wakati yeye yuko katikati ya neno. Wimbo haukukatika hata mara moja. Watu wa mjini walikuwa wakiulizana sisi tunakula nini.

Na makaa ya chetezo. Haya yanataka mtu wake, asiyefanya jambo lingine. Yawashwe mapema, na chetezo kitikiswe polepole muda wote, maana makaa yasipopata hewa huzima, na padre akija kutia ubani unabaki pale kama chumvi kwenye sahani. Yakobo alisema chetezo kilichozima ni aibu ya mwimbishaji, hata kama hakukishika yeye. Mimi nilikitikisa vizuri sana, na nilijivunia.

Nilijivunia kila kitu, kusema kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na watu wazima wananiita mwalimu. Nilipoanza kuimba Kilatini watu walinyamaza wote, wenye msiba na wapita njia. Hakuna aliyeelewa neno, na kwangu hilo ndilo lililokuwa tamu. Nilijiona nina ufunguo ambao wengine hawana.

Hapo niwape kisa kidogo ambacho wakati ule kilinichekesha. Siku ya kuwaombea marehemu wote, mwezi wa Novemba, tuliweka katikati ya kanisa jeneza tupu, tukalifunika kitambaa cheusi, mishumaa sita ya nta ya njano kuzunguka, na Padre akalifukizia ubani na kulinyunyizia maji ya baraka kama vile mtu yumo. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Bibi mmoja mgeni, aliyetoka mashambani, alilia misa nzima. Tulipomaliza akanijia akifuta macho.

"Mwalimu, huyu ni nani amelala hapa?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni sanduku tu."

Akanitazama. Akalitazama jeneza. "Na mlikuwa mnaimbia nani?"

Nikamweleza kwamba tunawaimbia marehemu wote kwa pamoja. Akafikiri, akasema, "Haya. Basi na machozi yangu niliyolia yagawanywe." Tulicheka wiki nzima, mimi na Petro. Nilikuja kumkumbuka bibi yule baadaye, na sikucheka.

Sasa kosa la kwanza. Tulikuwa tunamzika mtoto mchanga, wa miezi mitano, aliyebatizwa. Kwa sheria za wakati ule mtoto wa namna hiyo hakuimbiwa nyimbo za huzuni. Padre alivaa nyeupe, si nyeusi, na zaburi zilikuwa za furaha, kwa sababu mtoto hana dhambi, amekwenda moja kwa moja. Mimi nililijua hilo. Lakini mdomo ukishazoea una njia yake. Misa ilipoisha nikafungua koo na kuanza Libera me, ule wimbo wa kumwombea mtu mzima mbele ya jeneza, na nikauanza vizuri sana.

Padre akainua mkono. Huyu alikuwa Mzungu mrefu mwenye ndevu, tulimwita Padre Pikipiki kwa sababu ya chombo chake cha safari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu kabisa. Nikanyamaza. Baadaye aliniita nyuma ya kanisa.

"Wewe unajua umeimba nini?"

"Ndiyo, Padre."

"Umeambia Mungu aokoe huyu mtoto na moto. Mtoto wa miezi tano. Mama yake iko pale mbele."

"Padre, mama hakuelewa. Hakuna aliyeelewa."

"Hata kama hakuna mtu ameelewa, wewe umesema," akaniambia. Kisha akauliza tena, polepole, "Hii maneno yote unaimba, unajua maana yake?"

Nikasema najua. Ulikuwa uongo. Nilijua Libera ni ya kuomba kuokolewa, kwa sababu Yakobo aliniambia, na nilijua *requiem* ni pumziko. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Nilijua wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kupanda, wapi pa kuinamisha kichwa. Maana ya maneno hakuna aliyenifundisha, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu mwenye ufunguo haulizi mlango unakwenda wapi. Padre akanisimamisha, nisiimbishe mwezi mzima, nikakaa kwenye viti pamoja na watu, na kila aliyenitazama nilidhani ananicheka.

Mliosikia methali mnajua: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliporudi kuimbisha nilikuwa nimeapa sitakosea sheria tena. Mtu akifa nilidai kadi ya ubatizo kabla sijauliza alikuwa nani. Na katika hali hiyo ndipo nikamkuta Barasa.

Barasa alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja la mzungu kule Dundori, juu ambako kulikuwa na pareto, viazi na ng'ombe wa maziwa. Alitoka kwetu magharibi, Mbukusu, mtu wa miaka arobaini hivi, mkewe aliitwa Agneta. Tulipanda kule mara moja kumzika rafiki yake, Mkristo. Sisi tulikuwa tunatembea na jeneza kuelekea makaburi ya shamba tukiimba In paradisum, ule wimbo mfupi wa kumsindikiza marehemu kutoka kwenye sala hadi kaburini. Barasa alikuwa analima upande wa pili wa ua. Akazima trekta, akashuka, akavua kofia, akasimama pale mpaka tukapita.

Tulipomaliza akanijia. "Mwalimu, huo wimbo wa mwisho mliimba mkitembea. Mtu anafanya nini ndio aimbiwe huo?"

"Anabatizwa kwanza."

"Basi niandike."

Wenzake walimcheka, na mimi nilicheka. Lakini alikuja. Kila Alhamisi jioni nilipopanda kufundisha dini, Barasa alikuwepo, mikono ina grisi, anarudia maswali na majibu pamoja na wake za watu na vijana. Alikuwa mgumu wa kukariri. Mara mbili alikosa mtihani wa Padre, mara moja kwa sababu ya kupanda, mara nyingine kwa sababu ya kuvuna. Hata hivyo hakuacha. Mwaka wa pili Padre alimkubali abatizwe Pasaka. Barasa akaniambia, "Sasa mwalimu, hata nikianguka kesho, unajua la kufanya." Nikamwambia asiongee upuuzi.

Ilikuwa Kwaresima trekta lilipomwangukia. Mnaijua miteremko ya Dundori ikinyeshewa. Gurudumu liliteleza mtaroni, trekta likapinduka, likambana kuanzia kiunoni. Wanaume walikuja na magogo kuliinua. Waliokuwa karibu zaidi walikuwa wanawake wachumaji wa pareto, na mmoja wao alikuwa Rosalia, mama wa makamo, Mkristo wa miaka mingi, jirani wa akina Barasa. Barasa alikuwa bado anaongea. Akamwambia, "Rosalia, nibatize. Nisiende hivi."

Rosalia akachukua kopo lake la maji ya kunywa. Akammwagia kichwani, akasema maneno, akakaa naye amemshika kichwa mpaka akakata roho. Walipofanikiwa kuinua trekta alikuwa ameshakwenda.

Padre alikuwa safarini kuelekea Baringo, siku kumi. Mwalimu Yakobo alikuwa amelazwa na kifua. Aliyebaki ni mimi. Na zile zilikuwa nyakati za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Watu kukusanyika kulihitaji ruhusa, na nyapara wa shamba alitoa mpaka saa nane mchana tu, kisha kila mtu arudi kazini. Kwa hiyo hapakuwa na muda wa kumwuliza mtu. Nasema hivyo ili mjue ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Nilijitetea hivyo miaka mingi na haikunisaidia.

Nilipanda na Petro kwa lori la maziwa. Tukakuta jeneza la mbao limewekwa kwenye viti viwili nje ya nyumba, watu wamezunguka. Agneta amekaa chini, kanga kichwani. Nilivaa kanzu, nikatoa kitabu. Kisha nikauliza, kwa sauti ya mkubwa wa ofisi, "Kadi ya ubatizo iko wapi?"

Wakanieleza. Wote kwa pamoja, kisha Rosalia akasogea mbele akaeleza mwenyewe, pole pole, kopo, maji, kichwa.

"Ulisema maneno gani?" nikamwuliza.

"Nilisema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Kwa lugha gani?"

Akashangaa kidogo. "Kwa lugha yetu, mwalimu. Kibukusu. Ndiyo ilikuja mdomoni."

Hapa naomba msome polepole. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mtu akibatizwa kwa lugha nyingine isipokuwa Kilatini. Kila mtoto, kila mzee, Padre aliinama akasema yale maneno ya Kilatini, na maji yakamwagika. Kwenye katekisimu kulikuwa na swali la kubatiza wakati wa hatari, na jibu lake, kwa Kiswahili. Nimelifundisha mimi mwenyewe mara mia, Rosalia alilijifunza kwangu. Lakini kichwani mwangu kile Kiswahili kilikuwa maelezo tu ya kufundishia. Maneno yenyewe, yale yenye nguvu, niliamini yako kwenye Kilatini, mahali nilipo mimi.

"Kwa Kilatini hukusema?"

"Sasa hiyo Kilatini mimi ningeitoa wapi, mwalimu? Mtu yuko chini ya trekta."

Baadhi ya watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, la kupunguza uzito. Mimi nikadhani wananicheka mimi. Nikafunga kitabu. Nikasema, mbele yao wote, mbele ya Agneta, "Basi huo haukuwa ubatizo. Ulimlowesha tu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Neno hilo la kulowesha nilikuwa nimeshalisema. Petro alinivuta mkono wa kanzu, akanong'ona, "Bwana, si tumuulize Padre akirudi?" Nikamwambia Padre aliniachia mimi.

Agneta akaniita. Sikutaka kumtazama, kwa sababu ya ile sheria ya Yakobo, lakini alisimama mbele yangu kabisa. "Mwalimu, usimpatie misa. Usimpatie kitu. Ule mmoja tu. Ule wa kutembea."

"Mama, ule ni wa Wakristo."

"Ni mfupi," akasema.

Nikatikisa kichwa. Walimbeba, na mimi nilitembea nyuma na kitabu kwapani. Hawakumpeleka kwenye makaburi ya Wakristo. Nilielekeza mwenyewe kwa kidole, nje ya ua, chini ya miti ya miwati, mahali walipozikwa wasiobatizwa. Wanawake walianza wimbo wa Kiswahili, ukakosa nguvu, ukafa. Kilichosikika mpaka mwisho ni majembe. Novemba nilikuwa nimeimbia sanduku tupu kwa sauti yangu yote, na mishumaa sita. Sasa mtu alikuwemo sandukuni, nami nilikuwa nimefunga mdomo.

Rosalia hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake, kama anaikagua. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, mama yule akijiuliza kama mikono yake ilimdanganya rafiki yake wakati anakufa.

Na mimi, msinionee huruma, nilishuka mlima nikiwa nimeridhika. Kwenye daftari la marehemu niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba amezikwa bila ibada, ubatizo haukuwa halali, na sababu. Nilitaka Padre aone kwamba safari hii sikukosea.

Padre alirudi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akanywa chai, akafungua daftari. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikisubiri kusifiwa. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Nani alikuambia lazima ikuwe Kilatini?"

Niliutazama ule mwandiko wangu mzuri.

"Kibukusu ni sawa. Kikuyu ni sawa. Kinandi ni sawa. Kama ni maji, na maneno, na anataka kufanya vile Kanisa inafanya, imeisha. Huyu Barasa alikufa Mkristo safi kuliko mimi na wewe." Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Wewe mwenyewe unafundisha hii. Swali hili iko kwa kitabu yako."

Nikasema, "Ndiyo, Padre." Nilitamani ardhi inimeze, kama watu wanavyosema, na nikagundua watu hawasemi hivyo kwa mchezo. Akaniambia kesho tutapanda Dundori.

Nilikaa nyuma ya pikipiki nimekumbatia kikapu chenye chetezo, ubani na chupa ya maji ya baraka. Mvua ilikuwa imenyesha na tulianguka mara mbili. Nilifurahi kuanguka. Nilitumaini nitavunjika kitu ili nisifike.

Walikuwa wamepata habari, wakatungoja kwenye miti ya miwati: Agneta, Rosalia, wachumaji wachache wa pareto, na nyapara amesimama mbali. Kabla ya kuvaa, Padre alimwendea Rosalia, akasimama mbele yake akiwa na kofia mkononi. "Mama," akamwambia, "ulifanya kazi yangu, ulifanya vizuri. Sisi tumekukosea. Nakuomba msamaha, wewe na Agneta." Rosalia akaangalia chini, akasema, "Sawa, Fadha." Padre akalibariki lile kaburi na ardhi inayolizunguka, ili iwe makaburi ya Wakristo pale pale Barasa alipo. Kisha akanipa ishara.

Niliimba Libera. Niliimba na In paradisum, ingawa hapakuwa na mahali pa kutembea. Mtu alikuwa ameshafika. Niliuanza chini, kama Yakobo alivyonifundisha, na haukukatika, ingawa Petro hakuwepo. Sikuwahi kuuimba vizuri kama siku ile. Mnaona nilivyo, hata hilo nimelikumbuka.

Nilipomaliza, Agneta akasema, "Mwalimu, hayo maneno yanasema nini?"

Padre akafungua mdomo kumjibu. Agneta akasema kwa adabu, "Hapana Fadha, namuuliza yeye. Ndiye alituambia ni ya Wakristo."

Nilimtazama Padre, naye alikuwa ananitazama, na nilijua anakumbuka swali lake la nyuma ya kanisa, na jibu langu. Miaka mitano nilikuwa nimeuimba wimbo ule. Nimewasindikiza nao watu ambao siwezi kutaja idadi yao.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kujua."

Hakuna aliyecheka safari hii. Padre akawaambia yeye, kwa Kiswahili chake: kwamba wimbo unamwambia marehemu, malaika wakuongoze peponi, na walio mbele yako wakupokee ukifika, wakuingize mjini. Ni hayo tu. Alisema ni maneno ya kumuaga mtu, kumwambia aende bila hofu.

Rosalia aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Lakini Fadha," akasema, "hayo si ndiyo nilimwambia? Nikiwa nimemshika kichwa. Nilimwambia, enda, usiogope, wako kwa mlango wanakungoja, watakuingiza. Alikuwa ananiuliza kama atapotea."

Agneta akakaa chini kando ya kaburi. Alilia sasa, kwa utulivu, na akasema, si kwangu, si kwa Padre, "Basi alikuwa ameimbiwa."

Baada ya hapo nilimwomba Padre anifundishe maana, mstari kwa mstari. Alikubali bila kunikumbusha uongo wangu, na nilijifunza kwa miezi mingi, nikaandika kwenye daftari: Kilatini kushoto, maana kulia. Ninalo bado. Miaka michache baadaye Kanisa lilituambia tuzike kwa lugha zetu, na wazee wenzangu wengi walinung'unika kwamba uzito umeondoka. Mimi sikuthubutu kunung'unika. Kwa hiyo mkija kujifunza, tutaanza na upande wa kulia. Asiyeweza kumwambia mjane maneno yale kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yake, akimtazama usoni, huyo hatayaimba kwa Kilatini mbele yangu. Sheria ya Yakobo ya kutomtazama mjane nimeifuta.

Limebaki moja. Nimeandika kwamba Padre alimwomba Rosalia msamaha. Aliomba kwa ajili ya kosa langu, na alisema "sisi." Mimi sikusema neno. Niliwaza nitasema baadaye, tukiwa wachache, nikishapata maneno. Lakini shamba lile lilikuja kuuzwa, watu wakatawanyika, na nilipoulizia niliambiwa Rosalia alirudi kwao na amefariki. Siku ile pale kwenye miwati alipita karibu yangu kabisa akirudi kwenye pareto, akapunguza mwendo, akaningojea niseme. Nilikuwa nimeshika chetezo. Nikainamisha kichwa nikawa nakitikisa polepole, kama mtu aliye kazini, mpaka akapita. Makaa yalikuwa yameshazima zamani.